Sifa ya Fundi wa Viendeshi

Miongoni mwa kazi zilizozuka katika zama zetu iko moja ambayo haijasifiwa inavyostahiki, nayo ni ya fundi aketiye mbele ya kompyuta ya Linux, akijua kuwa kadi ya waifai imo ndani, ni nzima na inapata umeme, ilhali haishiki mtandao wowote, kwa kuwa hapana kiendeshi kilicho tayari kuisemesha.

Fundi mjuzi hakurupuki. Huandika amri ya lspci -nn, akaitafuta katika orodha jozi ya namba zilizotiwa mabanoni, ya kwanza ikimtaja mtengenezaji na ya pili ikikitaja chombo chenyewe: 14e4 ni Broadcom, 8086 ni Intel, walioitwaa namba hiyo kutokana na kichakataji chao mashuhuri cha mwaka 1978. Jina la juu ya boksi halitoshi, maana kadi mbili za jina moja huweza kubeba chipu mbalimbali. Na kwa rai yangu, azidharauye namba hizo bado hajahitimu.

Kisha, chipu ikiwa ya Broadcom, huita modprobe b43 ili kukipakia kiendeshi chake, na kuisoma dmesg, yaani kumbukumbu za kerneli, mstari kwa mstari, na hapo aghalabu hukuta kerneli ikilalamika, tena kwa ufasaha, kwamba faili kama b43/ucode5.fw haikuonekana. Kiendeshi kipo, kinachokosekana ni fimwea, yaani ile programu ndogo inayopakiwa ndani ya chipu yenyewe.

Upungufu huo una historia yake. Broadcom hawakutoa maelezo ya chipu zile, basi wakajitokeza watu wa kujitolea wakajigawa makundi mawili: hawa wakakichunguza kiendeshi cha kampuni na kuandika jinsi chipu inavyofanya kazi, wale, ambao hawakuruhusiwa hata kukitupia jicho, wakaunda kiendeshi kipya kwa kuyafuata maandishi ya wenzao tu, ili asipatikane wa kuwatuhumu wizi. Naistahi mno insafu hiyo. Tunda lake liliingia katika kerneli ya 2.6.17, mwaka 2006, na b43 ndiyo iliyorithi baadaye. Lakini fimwea ilibaki kuwa mali ya kampuni, wala haikuwa halali kuigawa ovyo. Ndipo ikatungwa b43-fwcutter, programu inayoikata fimwea kutoka kwa kiendeshi cha kampuni, papo hapo katika kompyuta ya mtumiaji, na kuiweka katika /lib/firmware. Fundi akiisha kufanya hivyo, akakitoa kiendeshi na kukirejesha, wlan0 hutokea katika orodha ya violesura vya mtandao na majina ya mitandao ya jirani huanza kujipanga.

Mnamo Septemba 2010 Broadcom wenyewe walitoa msimbo wa kiendeshi cha Linux kwa baadhi ya chipu zao mpya, na b43 ingali imo ndani ya kerneli kwa ajili ya zile za zamani. Basi, ndugu msomaji, ukiwa na kompyuta kuukuu isiyoshika waifai, usiitupe kabla hujaisoma lspci yake.