Mshono na Ukweli wa Historia

Vazi la kale likishonwa upya ili livaliwe katika dhifa, haliwi pambo tupu. Huwa ni masimulizi. Kila pindo humweleza mtazamaji jinsi watu wa zama fulani walivyoishi na walivyotofautiana. Kwa hiyo mshonaji wake yafaa apimwe kwa kipimo kile kile tunachompimia mwandishi wa tamthilia ya kihistoria: je, amesema kweli?

Tuchukue mfano wa dhifa inayokusudia kuonyesha maisha ya Unguja katika miaka ya 1870. Kwa wanaume, mshonaji hukimbilia joho lenye darizi ya dhahabu na kilemba. Kwa wanawake, suruali za marinda na barakoa. Mavazi hayo yalikuwapo, na kuyashona kwahitaji ustadi mkubwa. Emily Ruete, aliyezaliwa Salme binti Said, aliyaeleza maisha ya majumba ya kifalme katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886. Lakini majumba hayo hayakuwa Unguja nzima.

Nje ya majumba walikuwako maelfu ya watumwa waliochuma karafuu mashambani na kubeba mizigo bandarini. Vazi lao lilikuwa merikani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa. Jina lake latokana na Marekani, kwani wafanyabiashara wa nchi hiyo, hasa wa mji wa Salem, walikileta kwa wingi. Mkataba wao wa biashara na Seyyid Said ulitiwa sahihi mwaka 1833. Merikani ikitiwa rangi ya nili iliyokoza ilikuwa kaniki, vazi la mwanamke mtumwa.

Kaniki haimpi mshonaji nafasi ya kuonyesha ufundi. Hukatwa, hupindwa, hufungwa juu ya matiti, basi. Huenda ndiyo sababu husahauliwa. Methali husema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Ajabu ni kuwa katika dhifa za namna hii asili inayoachwa ni ile ya watumwa wenyewe.

Wako wanaojaribu kuziba pengo hilo kwa kuwavika wanawake wote kanga zenye maandishi. Nia ni njema, lakini kosa ni kubwa. Kanga za maandishi ni za karne ya 20. Zaidi ya hayo, baada ya utumwa kuondolewa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliitupa kaniki na kujitanda kanga, wapate kuonekana kuwa ni waungwana. Kumvika kanga mtumwa wa mwaka 1870 ni kuifuta safari hiyo, na kuuficha ushindi ambao wenziwe walikuja kuupata kwa taabu.

Hatusemi joho lisishonwe. Tunasema lisishonwe peke yake. Mwalimu anayeandaa dhifa kama hiyo pamoja na wanafunzi wake na awaulize kwanza: nani ameketi, nani anaandaa chakula, na kila mmoja amevaa nini? Joho likiwekwa karibu na kaniki, mwanafunzi ataona kwa macho yake kwamba utajiri wa mmoja ulitoka katika jasho la mwingine. Likiwekwa peke yake, atakwenda nyumbani akiamini kwamba babu zetu wote walikuwa masultani.