Sindano, Shaba na Tindikali: James McBey na Ufundi Wake

James McBey, mmoja wa wachoraji mahiri wa Uskoti waliochora kwa tindikali juu ya shaba, alizaliwa mwaka 1883 huko Foveran, karibu na kijiji cha Newburgh, pwani ya kaskazini-mashariki, pale mto Ythan unapoingia baharini. Alizaliwa nje ya ndoa, jambo lililotazamwa kwa jicho baya katika Uskoti ya wakati ule, akalelewa na mama yake na bibi yake. Mama alipoteza uwezo wa kuona taratibu, na mwaka 1906 akajiua. Kwa hiyo kijana ambaye baadaye angeishi kwa macho yake alikulia katika nyumba ambamo macho ya mtu wa karibu kabisa yalikuwa yakififia. Ni vigumu kulisahau hilo mtu anapotazama michoro yenye giza pana na mwanga mdogo ulioshikiliwa kwa makini.

Shule aliiacha mapema. Akiwa na umri wa miaka 15 aliajiriwa kuwa karani wa Benki ya North of Scotland mjini Aberdeen, na kazi hiyo akaishika kwa takriban miaka kumi. Kutwa alikuwa na daftari za hesabu, jioni akawa na maktaba ya mji. Huko alikutana na kitabu cha Mfaransa Maxime Lalanne, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1866, kinachoeleza hatua kwa hatua jinsi ya kuchora kwa tindikali. Hakuwa na fundi wa kumshika mkono. Lalanne, kwa njia ya maandishi, ndiye aliyekuwa mwalimu wake.

Aliyofundishwa na kitabu hicho yanastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ufundi huu unasifiwa sana na watu wasiojua unavyofanyika. Kazi huanza na bamba la shaba nyekundu, jembamba, lililosuguliwa mpaka likang'aa na kufutwa kila dalili ya mafuta, maana hata alama ya kidole inaweza kuliharibu. Bamba hupashwa moto, kisha hupakwa utando mwembamba wa nta ya nyuki iliyochanganywa na lami na utomvu mkavu. Utando ukishatulia, bamba hugeuzwa kifudifudi na kupitishwa juu ya moshi wa mishumaa hadi nta iwe nyeusi ti. Sasa fundi anaweza kushika sindano.

Sindano haichimbi shaba. Inafungua nta tu, na kila inapopita, mstari wa shaba unang'aa katikati ya weusi. Hii ndiyo tofauti kubwa kati ya mchoraji wa tindikali na mchongaji wa zamani aliyesukuma patasi ndani ya chuma kwa nguvu za bega. Mchongaji hulazimika kwenda polepole. Mchoraji wa tindikali anaweza kwenda kasi ileile ya mtu anayeandika barua. Lakini uhuru huo una gharama yake. Kitakachokuwa cheusi karatasini, kwenye bamba kinaonekana kikiwaka, na kilicho kulia kitatokea kushoto. Mwenye kuchora bandari iliyo mbele ya macho yake atapata chapa yenye bandari iliyogeuka, isipokuwa aichore kinyume tangu mwanzo. Wengi hawajisumbui kufanya hivyo, na si jambo la kuwalaumu.

Baada ya sindano huja tindikali. Mgongo na kingo za bamba hupakwa vanishi, kisha bamba hulazwa ndani ya trei ya asidi ya nitriki iliyozimuliwa kwa maji. Palipofunguliwa na sindano, asidi huanza kuila shaba, na viputo vidogo hujipanga juu ya mistari yote. Viputo vikiachwa vikae, mstari huliwa kwa mapengo, kwa hiyo fundi husimama juu ya trei akivifagia kwa unyoya wa ndege. Baada ya dakika chache bamba hutolewa na kuoshwa. Mistari inayotakiwa ibaki hafifu, kama ile ya anga au vilima vya mbali, hufunikwa kwa vanishi ili isiendelee kuliwa. Bamba hurudishwa kwenye asidi, hutolewa, hufunikwa sehemu nyingine, hurudishwa tena. Mstari uliokaa sana ni wa kina na utabeba wino mwingi; uliokaa kidogo utatoka kijivu. Basi weusi na weupe wa mchoro hautokani na mkandamizo wa mkono bali na muda, na muda huo haupimwi kwa saa peke yake, kwa sababu siku ya joto asidi hukimbia na siku ya baridi husinzia.

Nta ikishaondolewa kwa tapentaini, bamba huwa tayari kupigwa chapa. Wino mzito hukandamizwa ndani ya mifereji, kisha uso hufutwa kwa shashi na hatimaye kwa kiganja cha mkono. Hapa mkono una uamuzi wa mwisho. Akiufuta wino wote, mchoro utatoka mkavu na wazi. Akiacha ukungu mwembamba wa wino upande mmoja, atapata jioni au mvua bila kuongeza mstari hata mmoja. Karatasi iliyoloweshwa hulazwa juu ya bamba, juu yake blanketi za sufu, na vyote hupita kati ya magurudumu ya mtambo wenye shinikizo kubwa kiasi cha kuilazimisha karatasi iingie ndani ya mifereji na kuunyonya wino. Ndiyo sababu ukipitisha kidole juu ya chapa nzuri unauhisi mstari ukiwa umeinuka kidogo. Kwa chapa inayofuata, kazi ya kupaka na kufuta huanza upya, na hakuna chapa mbili zinazolingana kabisa.

McBey hakuwa na mtambo. Alichokuwa nacho nyumbani ni mashine ya kukamulia nguo, ile yenye magogo mawili na mpini wa kuzungusha, na kwa mashine hiyo alitoa mchoro wake wa kwanza mwaka 1902. Ulionyesha wavulana wakivua samaki bandarini Aberdeen, kwa ule uvuvi wa mchezo ambao kila mtoto wa pwani anaujua. Uchaguzi huo unaeleza mengi. Karani asiye na mwalimu angeweza kuanza na kanisa au nyumba kuukuu, vitu vinavyotulia vikachorwa. Yeye alianza na watu waliojishughulisha na jambo, na hakuacha kamwe kuvutwa na miili iliyo kazini au mchezoni: wanaovuta kamba, wanaopiga kasia, wanaoongoza wanyama.

Mwaka 1910 aliacha benki akaenda Uholanzi. Alikuwa na akiba ndogo, na lengo kubwa lilikuwa kuona kwa macho yake kazi za Rembrandt, ambaye karne mbili na nusu kabla alikuwa ameonyesha kwamba mistari michache juu ya shaba inatosha kubeba shamba zima, mto na hewa iliyo juu yake. Mwaka uliofuata McBey alihamia London, akafanya maonyesho katika Jumba la Goupil, na watu wakanunua. Mwaka 1912 alisafiri kwenda Morocco na mchoraji mwenzake James Kerr-Lawson. Wakati ule haikujulikana kwamba nchi hiyo ingekuja kuwa makazi yake.

Kazi za miaka ya kabla ya vita ndizo zinazoonyesha vizuri zaidi alichokuwa akikitafuta. Katika mchoro wa mwaka 1913 wa dhoruba ya Port Errol, kijiji cha wavuvi kaskazini mwa Newburgh, upepo haujachorwa popote, lakini unaonekana katika jinsi kila mstari unavyoegemea. Mchoraji mwoga angejaza anga kwa mistari mingi ili mtazamaji asikose kuelewa kwamba hali ni mbaya. McBey aliiacha karatasi ifanye kazi. Weupe wake si nafasi iliyosahaulika. Ni sehemu ya mchoro iliyochaguliwa kwa uangalifu uleule wa mistari. Mara nyingine aliongeza mikwaruzo ya sindano kavu, yaani kuchana shaba moja kwa moja bila nta wala asidi, na kingo za chuma zilizonyanyuka kando ya mkwaruzo zikashika wino na kutoa weusi laini mithili ya mahameli. Kingo hizo huchakaa haraka chini ya mtambo, na hivyo chapa za mwanzo za bamba la aina hiyo ni tajiri kuliko zinazofuata.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, macho yake hafifu yalimzuia kuwa askari wa mstari wa mbele. Mwaka 1916 alipewa cheo cha luteni wa pili katika idara ya jeshi ya uchapaji na vifaa vya kuandikia huko Ufaransa, kazi isiyo mbali sana na ile ya benki. Alichora alipopata nafasi, ikiwemo meli ya abiria Sussex iliyopigwa torpedo na nyambizi ya Ujerumani mwezi Machi mwaka huo, ikavutwa hadi Boulogne ikiwa imepoteza sehemu ya mbele. Mwaka 1917 serikali ya Uingereza ilimteua kuwa mchoraji rasmi wa jeshi lililokuwa Misri likijiandaa kuingia Palestina.

Huko alipata somo lililomfaa kuliko yote. Alitoka na doria ya askari wa Australia waliopanda ngamia katika jangwa la Sinai, akifanya michoro ya haraka kwa kalamu na rangi za maji. Aliandamana na jeshi kupitia Gaza na Jerusalem mpaka Damascus, ambako mwezi Oktoba 1918, mji ukiwa umetekwa karibuni, alichora picha ya rangi ya afisa wa Uingereza T. E. Lawrence. Shaba ilimsubiri London. Mwaka 1919, akitumia daftari zake, alitoa mchoro wa doria ya ngamia ikiondoka alfajiri, ambao hadi leo ndio unaotajwa kwanza jina lake linapotajwa. Ni mchoro uliojengwa kwa vitu vichache mno: msururu wa wanyama na wapandaji, upeo wa macho ulio chini, na jangwa lililoachwa karibu tupu. Jangwa ni mtego kwa mchoraji wa tindikali, kwa kuwa halina cha kushika sindano. McBey aliona kwamba huo ndio utajiri wake.

Miaka ya 1920 ilimpa fedha. Chapa zilizopigwa kwa idadi ndogo na kutiwa saini ziligeuka bidhaa ya kubahatisha katika Uingereza na Marekani. Watu walizinunua kwa bei ya mchoraji na kuziuza tena mnadani kwa faida, wengine bila kuzitazama sana. Waskoti watatu walitangulia katika soko hilo: D. Y. Cameron, Muirhead Bone na McBey. Chini yao palikuwa na wengi waliochora vitu vilivyopendwa sokoni, yaani uwindaji wa mbweha, uvuvi wa samoni na mbwa wa kuwinda, kwa wateja waliotaka kutundika burudani zao ukutani. Kati ya 1924 na 1925 McBey alikaa Venice na kuchora mfululizo wa mabamba ya mifereji na maji. Baadhi ni ya kupendeza mno, ila kivuli cha mchoraji Whistler, aliyechora mji huohuo mwaka 1879 na 1880, kinaonekana pale. Na yapo mabamba ambamo wepesi wake umekuwa mazoea, mkono ukikimbia kabla jicho halijamaliza kazi. Mdodoro wa mwaka 1929 ulizima biashara hiyo karibu mara moja. Michoro haikubadilika, wanunuzi ndio waliotoweka.

McBey alikuwa mchapaji wa kazi zake mwenyewe, na alikuwa na uchu wa karatasi kuukuu. Alizisaka karatasi za Kiholanzi na Kifaransa za karne zilizopita, zilizotengenezwa kwa matambara na kuiva rangi kwa umri, kwa sababu hupokea wino kwa upole ambao karatasi mpya haina. Saini aliiweka kwa kalamu ya wino. Zaidi ya mabamba 200 yalipita mikononi mwake, na katika mengi alibadilisha kitu kati ya hatua moja ya uchapaji na nyingine.

Mwaka 1931 alimwoa Marguerite Loeb wa Philadelphia, na mwaka uliofuata walinunua nyumba Tangier. Vita vya pili viliwakuta Marekani, ambako mwaka 1942 alichukua uraia wa nchi hiyo. Walirudi Morocco vita vilipokwisha, na katika miaka hiyo ya mwisho rangi zilimshughulisha kuliko shaba. Picha yake ya Zohra, msichana wa Kimorocco, iko katika jumba la Ubalozi Mdogo wa kale wa Marekani mjini Tangier na huwavuta wageni wengi. Alifariki dunia mjini humo Desemba 1959. Kumbukumbu alizoandika za maisha yake ya ujana zilichapishwa mwaka 1977.

Marguerite alihakikisha sehemu kubwa ya kazi za mumewe inarudi Aberdeen, katika jumba la sanaa la mji ule ambamo alikuwa karani. Michoro ya vita iko katika Makumbusho ya Vita ya Imperial, London. Pale Aberdeen chapa za majaribio zinaweza kuwekwa kando ya chapa za mwisho, na anayezitazama anaona mstari uliokuwepo kisha ukafutwa, kivuli kilichoongezwa kwa mara ya pili ndani ya asidi, na anga iliyopigwa jioni katika karatasi moja na mchana katika nyingine kwa tofauti ya kiganja tu.