Sifuri Isiyotamkwa: Uhakiki wa Thamani Chaguomsingi katika Upokeaji wa Data za Afya

Seva ikipokea ombi lenye kipengele kilichoachwa wazi, ina njia tatu: kulikataa ombi, kuuhifadhi ukimya kama ukimya, au kujaza thamani chaguomsingi. Njia ya tatu hupendwa kwa wepesi wake. Panapohusika idadi ya matokeo yatakayoorodheshwa kwenye ukurasa, hakuna anayedhurika. Panapohusika idadi ya wagonjwa wa malaria katika zahanati kwa mwezi mmoja, programu huwa imetoa ushahidi ambao mtumaji hakuutoa.

Kosa hili lina historia. Proto3 ya Google, iliyotoka rasmi mwaka 2016, ilifuta tofauti kati ya namba isiyotumwa na sifuri iliyotumwa. Tofauti hiyo ilirejeshwa kikamilifu katika toleo la 3.15, mwaka 2021. Miaka mitano ni mingi kwa jambo ambalo karani yeyote wa rejista analifahamu.

DHIS2, mfumo unaoendelezwa katika Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa na wizara za afya za Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, umeteleza upande wa pili. Kwa mpangilio wake wa awali, sifuri inayoingizwa haihifadhiwi, isipokuwa msimamizi awe ameainisha kwamba sifuri ya kipengele hicho ina maana. Sababu inaeleweka: fomu za kila mwezi zimejaa sifuri, na hifadhidata ingevimba bure. Gharama, hata hivyo, humwangukia msomaji wa takwimu. Kituo kilichoripoti kwamba hakuna mama aliyefariki wakati wa kujifungua, na kituo ambacho hakikujaza chochote, huonekana sawa. Alama ya ripoti kukamilika husaidia kiasi, ila huthibitisha fomu nzima, si kisanduku kimoja.

Msimamo wa FHIR ni mkali zaidi, na ndio unaofaa. Rasilimali zake haziwekewi thamani chaguomsingi. Badala yake upo utaratibu wa kuandika sababu ya data kukosekana: haijulikani, mgonjwa aliulizwa asijue, au aliulizwa akakataa kujibu. Hayo ni majibu matatu tofauti, na kila moja humtaka mpangaji wa huduma achukue hatua yake.

Miongozo ya kitaifa ya ubadilishanaji wa data ingeweza kuanzia hapo: kila thamani iliyojazwa na seva ihifadhiwe pamoja na alama ya kuonyesha hivyo, na mtumaji ajulishwe katika jibu lilelile analorudishiwa, kabla takwimu hazijafika mezani pa mwenye kugawa dawa.