Jedwali Bila Ulimi: Ashton, Ngeli na Ufundishaji Wetu

Muhula uliopita nilikwenda kukagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya sekondari. Mwanafunzi wetu, ambaye hapa idarani alikuwa miongoni mwa waliopata alama za juu katika somo la sarufi, alikuwa amechora ubaoni jedwali la ngeli: A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI na nyinginezo. Sikuona kosa hata moja. Ndipo mvulana mmoja wa nyuma, mtoto wa mwanajeshi aliyekulia kambini, aliponyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, kesho iko mtihani?" Mwalimu wetu alinyamaza kidogo, akatabasamu, kisha akamjibu kwa Kiingereza.

Nilipokuwa nikijaza fomu ya ukaguzi nilikumbuka kwamba alama zile za juu nilimpa mimi. Mvulana alikuwa na ulimi bila jedwali. Mwalimu alikuwa na jedwali bila ulimi. Tulifikaje hapo? Naomba nianze na kitabu ambacho wengi wetu tumekirithi hata kama hatujawahi kukifungua.

Kitabu hicho ni Swahili Grammar cha E. O. Ashton, aliyekuwa mwalimu wa Kiswahili katika School of Oriental and African Studies, London. Kilichapishwa mwaka 1944 na kikaendelea kuchapishwa tena kwa miongo mingi. Ubora wake haukanushiki. Ashton alionyesha kwamba nomino haisimami peke yake. Huvuta pamoja nayo kivumishi, kiwakilishi na kitenzi, na sentensi nzima hufungamana kwa upatanisho. Yeye alizipanga ngeli kwa viambishi vya nomino. Siku hizi shuleni tunazipanga kwa viambishi vya upatanisho. Majina yamebadilika lakini jedwali limebaki, na ndilo lililojaa katika notisi nilizopewa nilipokuwa mwanafunzi, ambazo nami nimewapa wanafunzi wangu karibu kama zilivyo.

Hoja yangu ni kwamba jedwali hili tumelitoa mahali pake. Ashton alieleza Kiswahili kwa Kiingereza, kwa msomaji ambaye lugha yake haina ngeli. Msomaji huyo hakuwahi kusikia kitu kama "kitabu hiki kizuri kimepotea", ambapo ki- inajirudia kutoka neno hadi neno. Kwake jedwali lilikuwa ramani ya nchi asiyoijua. Lakini je, mwanafunzi wetu wa Kampala au Masaka anahitaji ramani hiyo kwa kiasi hicho hicho? Mtoto wa Kiganda husema "ekitabo kino" na "ebitabo bino", "omuti guno" na "emiti gino", kabla hajajua kushika kalamu. Hakuna aliyemchorea jedwali. Alisikia, akasema, akakosea, akasahihishwa na mamake, akasema tena. Mfumo ambao sisi tunatumia muhula mzima kumweleza tayari anao kichwani. Anachokosa ni fursa ya kuuvalisha maneno ya Kiswahili.

Ashton mwenyewe hakuwa mgeni wa jambo hili. Mwaka 1954 kilitoka kitabu cha sarufi ya Luganda alichokiandika pamoja na E. M. K. Mulira, E. G. M. Ndawula na A. N. Tucker. Kwa hiyo ukiviweka vitabu hivyo viwili mezani unaona undugu wa lugha hizi waziwazi. Sisi tunaofundisha Waganda, Wasoga, Wanyankole na Wanyoro tumekuwa tukiupita undugu huo bila kuutumia, tukiwapa wanafunzi dawa iliyoandikiwa mgonjwa mwingine. Wanafunzi wetu Waacholi na Walango, ambao lugha zao hazina ngeli za namna hii, wana haki zaidi ya kudai jedwali. Hata hivyo, nao hawataongea kwa sababu ya kulitazama.

Kuna jambo la pili ambalo husahauliwa. Jina kamili la kitabu cha Ashton linatangaza kwamba kinashughulikia pia kiimbo, yaani namna sauti inavyopanda na kushuka katika usemi. Mwandishi alitaka msomaji wake asikie. Sisi tumechukua majedwali tukayaacha masikio. Katika notisi zangu za zamani nimepata kurasa nyingi za ngeli, kuhusu tofauti ya sauti kati ya "Umekula" na "Umekula?" sikupata hata mstari mmoja. Basi lawama isimwangukie Ashton peke yake. Tumemsoma nusu.

Najua baadhi ya wenzangu watauliza: je, mazoezi peke yake hayaharibu lugha? Swali hili ni la haki, na historia ya nchi yetu inalijibu kwa pande zote mbili. Wanajeshi wa King's African Rifles, kikosi kilichoundwa mwaka 1902, walitoka makabila mengi na walikipata Kiswahili kambini kwa kukitumia. Walielewana, waliamrishana, walitaniana. Lakini Kiswahili hicho, ambacho wataalamu wamekiita KiKAR, kilipunguza upatanisho, na kilizoea zaidi amri kuliko mjadala. "Kesho iko mtihani?" ya yule mvulana inafanana na usemi huo. Kwa hiyo mazoezi yasiyosahihishwa hufikisha ujumbe lakini humwacha msemaji palepale. Anayetaka kuandika insha au kutetea hoja anahitaji zaidi.

Hata hivyo, tazameni mwalimu wetu angeweza kufanya nini. Angejibu tu: "Ndiyo, kesho kuna mtihani." Kwa maneno manne angekuwa amemjibu mtoto, amemheshimu, na amemsahihisha bila kumwaibisha. Siku ya pili angeweza kuuliza darasa, "Mezani kuna nini? Mfukoni kuna nini?" Na wanafunzi wakishasema "kuna" mara hamsini, hapo ndipo angechukua chaki na kueleza sarufi yake. Maelezo yangekuwa yanajibu swali ambalo wanafunzi tayari wanalo. Mpangilio huu ndio ninaoutetea: usemi kwanza, masahihisho ndani ya usemi, jedwali baadaye kama muhtasari. Wahenga walikwisha kusema: elimu bila amali ni kama nta bila asali.

Mtu asiseme kwamba mazingira hayaruhusu. Si lazima mwanafunzi apelekwe Mombasa au Zanzibar. Kikuubo, hapa Kampala, wapo wafanyabiashara kutoka Kongo wanaopatana bei kwa Kiswahili. Malaba na Busia madereva wa malori wanakitumia mchana na usiku. Kiswahili chao kinatofautiana na cha vitabuni, na tofauti hiyo yenyewe ni somo: mwanafunzi arudi na maneno matano aliyoyasikia, darasa liyajadili. Mimi nimeanza kutenga saa moja kila wiki ambapo sisemi wala sikubali neno la Kiingereza. Wiki za kwanza darasa langu la wanafunzi 80 lilikuwa kimya kama msiba. Nikawagawa wanne wanne, na kelele zikaanza. Makosa ni mengi, lakini sasa ninayasikia. Zamani yalijificha nyuma ya majibu ya kujaza mapengo.

Kikwazo kikubwa kiko kwetu sisi watahini. Mwanafunzi hujifunza kile kinachotahiniwa. Mtihani wangu wa mwisho ulikuwa wa maandishi kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho, na yule mwalimu mchanga aliufaulu kwa haki. Napendekeza idara ijadili kutenga sehemu ya alama kwa mazungumzo ya ana kwa ana, na mtu yeyote asipelekwe kwenye mazoezi ya kufundisha kabla hajaweza kuendesha kipindi kizima kwa Kiswahili.

Jambo hili haliwezi kungoja. Tangu mwaka 2020 mtaala mpya wa sekondari ya chini umekifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kiwe lugha rasmi. Walimu wa kufanya kazi hiyo watatoka katika vyumba vyetu hivi. Tukiwapeleka na majedwali pekee, watafundisha majedwali, na watoto watajifunza kukiogopa Kiswahili kabla hawajakisema.

Mwanafunzi wetu nimekwisha kumwomba radhi. Alinijibu kwa Kiswahili, polepole, na makosa mawili. Sikuyaandika popote. Niliyarudia kwa usahihi katika jibu langu, naye akaendelea kuzungumza.