Mwenye Ndevu Hukaa Mlangoni

Hivi karibuni nilikuwa Tanga, nikipita mtaa niliokulia, nikaliona tangi la mjomba. Limegeuzwa sanduku la maandazi. Dada mmoja ameliwekea meza kando ya njia, kalilaza ubavu, mdomo wake umemwelekea yeye, na maandazi yamepangwa ndani juu ya gazeti. Nililitambua kwa alama moja tu: mstari mweupe wa chokaa, vidole vitatu kutoka ukingoni, pale maji yalipokuwa yakikomea kwa zaidi ya miaka ishirini. Sasa tangi limelala na mstari umesimama. Nilinunua maandazi mawili nikayala palepale. Yule dada simlaumu hata kidogo; anatafuta riziki yake, na biashara yake ni safi. Kilichoniuma ni kwamba kazi iliyokuwa ikifanyika ndani ya vioo vile imekufa mtaani kwetu, na haikuwekewa hata tanga.

Mjomba alistaafu ukarani akawa mfugaji wa samaki wa nyumbani. Alipitia wengi, lakini aliyemshika moyo ni kambare mdogo wa mito ya Amerika ya Kusini, ambaye wataalamu humwita Ancistrus. Mkubwa wake hazidi sana urefu wa kiganja. Hana magamba, amevaa mabamba magumu kama ngao, na mdomo wake uko chini, wa kunyonya, anaojibandika nao kiooni huku akikwangua mwani. Kwa sababu hiyo dukani humuuza kwa jina la msafisha tangi. Mjomba hakulipenda jina hilo. "Msafisha tangi ni mimi," alikuwa akisema. "Huyu ni mgeni wangu."

Sisi tuna msemo wetu: nyumba ya kambare, baba ana sharubu, mama ana sharubu, na mtoto naye ana sharubu. Husemwa juu ya nyumba isiyo na mkubwa, ambamo kila mmoja ana amri. Kambare wa mjomba aliupindua msemo huo. Kwake dume ndiye mwenye ndevu hasa: zinamwota puani na kupanda kipaji cha uso, nene, zenye matawi kama mizizi ya mkoko. Jike ana vinyweleo vichache tu pembeni mwa mdomo. Na ndevu za dume yule si za kutolea amri. Jike akishataga huondoka akaenda zake kula, na baba ndiye anayebaki na mayai, akiyapepea kwa mapezi usiku na mchana, akitoa yaliyoharibika, akikinga mlango kwa mwili wake. Mwaka 1999 wataalamu watatu, Mark Sabaj, Jonathan Armbruster na Lawrence Page, waliandika kwamba huenda ndevu zile zinaigiza sura ya watoto wachanga, ili jike akimtazama dume aone baba ambaye tayari ana kazi mkononi. Mjomba hakupata kuyasoma maandishi hayo. Yeye alisema kwa maneno yake: "Mwenye ndevu hukaa mlangoni."

Kazi yake mwenyewe ilianzia mbali na samaki. Ilianzia kwenye maji. Maji ya bomba yaliingia kwenye pipa lisilofunikwa, yakalala hapo usiku kucha na zaidi, klorini itoke. "Maji yamelala?" lilikuwa swali la kila asubuhi nyumbani kwetu, kama watu wengine wanavyoulizana kuhusu chai. Tangi jipya alilijaza, akawasha pampu ya hewa na kichujio chake cha sponji, akatia punje chache za chakula ingawa hapakuwa na wa kula, kisha akaliacha. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Watu wakipita barazani walimuuliza samaki wako wapi. Alikuwa akiwangoja viumbe wasioonekana, bakteria wanaojijengea makazi katika sponji na changarawe, ambao huigeuza amonia ya uchafu kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati isiyoua upesi. Bila hao, samaki huuawa na uchafu wake mwenyewe. Mjomba aliweka muda wake akaushika. "Mzazi ana arobaini yake," alisema, "na maiti ana arobaini yake. Maji nayo yana arobaini yao." Na sponji ile hakuiosha bombani hata siku moja, aliikamua ndani ya ndoo ya maji ya tangi lenyewe, ili asiwaue wale aliowangoja.

Kisha nyumba. Wahenga walisema kifuu cha nazi ni bahari ya chungu. Kwa mjomba kilikuwa ni chumba cha uzazi. Alichagua kifuu kizima, akakikata mlango kwa msumeno mdogo, akausugua kwa msasa mpaka ukawa laini kama ukingo wa kikombe, akakichemsha mara tatu, hadi maji yakaacha kuwa ya kahawia. Mlango aliupima kwa dume aliyemkusudia. Apite akijibana kidogo, ili akishaingia, mwili wake ndio uwe kizibo. Kando ya kifuu aliweka gogo lililotupwa na bahari, alilolilowesha miezi miwili akibadili maji hadi chumvi ikaisha, kwa maana samaki hawa hukwangua mti na kuula. Jioni, mchicha uliochovywa katika maji ya moto, au kipande cha tango alichokichoma kwa kijiko cha chuma kipate kuzama. Asubuhi mabaki yalitolewa kabla ya mtu yeyote kunywa chai.

Haya yote yakishakamilika, mjomba alifanya jambo ambalo nilichelewa sana kulielewa: aliketi, akaacha kushika. Mvua za vuli zikianza, alitoa sehemu ya maji, akarudishia ya pipani yaliyopoa, kwa sababu katika mito ya kwao samaki hawa maji yakipoa ghafla ni habari ya mvua na neema. Baada ya hapo hakusogeza jiwe. Alikaa kwenye kigoda chake, mikono imefungwa kifuani, akitazama. Ufundi mwingine tunaupima kwa kile mkono unachofanya. Ufundi wake ulipimwa kwa kile ambacho mkono uliweza kujizuia kukifanya.

Mkono wangu haukuweza. Nilikuwa na miaka kumi. Dume alikuwa hajaonekana siku tatu, na mjomba alituambia kwa sauti ya chini, kama mtu aliye msikitini, kwamba kifuuni kuna mayai. Usiku nikaamka, nikachukua tochi, nikapanda kigoda. Nilimmulika usoni. Jicho la samaki huyu lina kijipazia chake. Mwanga ukizidi, kipande cha ndani hushuka na kuifunika mboni, ibaki kama mwezi mwandamo. Nililiona pazia likishuka. Alikuwa akiniambia kwa lugha yake yote nifunge mlango. Nikaingiza mkono, nikakiinua kifuu nione vizuri.

Asubuhi mayai yalikuwa nje, donge zima changaraweni, na dume amejibandika pembe ya mbali kama aliyefiwa. Mjomba hakunipiga wala hakunikemea. Alilitazama lile donge muda mrefu. Lilikuwa na rangi ya mawese, mayai sitini na kitu yameshikamana, kila moja kubwa kama punje ya mtama. Akaenda jikoni akarudi na chujio la chai. Akaliinua donge bila kulitoa majini, akalilaza ndani ya chujio, akalitundika juu ya mapovu ya pampu ili maji yazidi kupita katikati yake. Kisha akaniita. "Umemtoa baba yao mlangoni, mwanangu. Basi tutakaa sisi."

Tulikaa. Yai likigeuka jeupe lilikuwa limekufa, na ukungu wake ungeyala ya jirani. Baba yao angelitoa kwa mdomo, sisi tulilitoa kwa unyoya wa kuku, moja moja, mjomba akinishika kifundo cha mkono usitetemeke. Usiku wa pili umeme ukakatika. Pampu ikanyamaza, na kimya kile ninakikumbuka kuliko kelele yoyote ya utoto wangu. Mjomba akawasha kandili, akachukua kikombe cha bati, akateka maji ya tangi na kuyamimina taratibu juu ya chujio. Akateka, akamimina. Mkono ukimchoka alinipa mimi. Wangu ukinichoka, nilimrudishia. "Haya ndiyo mapezi yake," alisema, akikionyesha kikombe. Umeme ulirudi baada ya adhana ya alfajiri. Siku ya tano mayai yalianguliwa: vijitu vyenye mkia, vimebeba kiini cha manjano kikubwa kuliko vyenyewe, na tayari kila kimoja kimejibandika kwenye waya wa chujio, hakibanduki. Viini vilipokwisha, wiki moja baadaye, tulihesabu watoto 41. Nimefaulu mitihani mingi tangu siku hiyo, na hakuna uliowahi kunipa furaha ya namna ile, wala aibu ya namna ile kwa pamoja.

Watoto hao hakuwagawa ovyo. Mtu akija kuomba, au hata akija na pesa, mjomba alimuuliza swali moja: "Maji yako yana siku ngapi?" Akijibu kwamba tangi amelinunua jana, alirudishwa kwa heshima, akapewa kikombe cha kahawa na sponji chafu ya kuanzia, na kuambiwa arudi mwezi ujao. Waliorudi ndio waliopewa. Hivyo mtaa mzima ulijaa samaki wa ukoo mmoja, na watu waliotembeleana kuulizana habari za mayai.

Ninayaandika haya kwa uchungu kwa sababu samaki wa tangini si pambo tu la sebuleni. Ziwa Victoria liliwahi kujaa furu wa mamia ya aina. Sangara akapandikizwa humo katika miaka ya 1950, na miongo iliyofuata furu wengi wakatoweka. Baadhi ya aina zilizonusurika zilitunzwa katika matangi ya Ulaya na Marekani, na watu waliojua kuyalaza maji. Samaki wa Ziwa Tanganyika nao wamejulikana ugenini kwa njia hiyo. Pierre Brichard, Mbelgiji aliyeishi Burundi, aliwapeleka ng'ambo miaka mingi, na mwaka 1989 akachapisha kitabu kikubwa juu yao. Leo yupo mstaafu katika mji wa Ujerumani anayejua kwamba jike wa Tropheus hubeba mayai yake machache mdomoni karibu mwezi mzima, na anajua ampe utulivu gani ili asiyateme. Samaki huyo ni wa Kigoma. Ni watoto wangapi wa Kigoma waliopewa kigoda wakaonyeshwa?

Sisi tumejifunza kuwa na haraka. Ofisi moja ninayoingia mara kwa mara ina tangi zuri kuliko yote ya mjomba, lenye taa za rangi na jumba la plastiki. Samaki wake hufa. Kila baada ya wiki chache huja kijana na mifuko ya maji, akatoa waliokufa, akatia wapya, akasaini karatasi. Mapokezi hawajui majina yao na hawana sababu ya kuyajua. Madukani huuzwa kambare wengine wanaofanana na wa mjomba wakiwa na urefu wa kidole. Mnunuzi haambiwi kwamba hao hufikia zaidi ya sentimita 40. Wakikua hutupwa mitoni. Huko Florida na Meksiko watu wameshafanya hivyo, na kambare hao sasa wanatoboa kingo za mito na kuzibomoa. Makosa haya yote yana mzizi mmoja: mkono usiojua kungoja. Unajaza maji asubuhi, unatia samaki mchana, unafunua kifuu usiku, na ukichoka unatupa.

Mjomba alifariki mwaka ambao mimi nilikuwa mbali. Nilipofika, wosia ulishatekelezwa na vyombo vimegawanywa kama ilivyo haki. Hakuna aliyefanya ubaya. Samaki walipewa jirani, na jirani akahama. Mimi nilikuta kifuu kimoja tu, juu ya dirisha la jiko, kikiwa kimewekewa misumari. Nikakiomba, nikapewa.

Tangu nilipoonja yale maandazi nimenunua tangi dogo, nimelaza maji, nimewasha pampu, na kifuu nimekilaza chini, mlango ukielekea ukutani kama alivyopenda. Nimewatafuta wale wenye ndevu za matawi duka hadi duka. Nimeonyeshwa wale wa kukua mno, nimeonyeshwa samaki wa kutiwa rangi. Nimeuliza kama yupo mtu anayewazalisha nyumbani, na kila muuzaji amenitazama kama niliyeuliza habari ya mtu aliyehama zamani.

Leo maji yangu yametimiza arobaini. Nimekaa kwenye kigoda, mikono nimeifunga kifuani. Hakuna aliyepita kuniuliza yana siku ngapi, na mlangoni pa kifuu hakuna mtu.