Tazama Nyayo: Jinsi ya Kuipima Katuni ya Watu Wazima

Majoka yanaruka, vyombo vya anga vinalipuka, damu inamwagika kwa ndoo, na mchambuzi wa redioni anaishiwa pumzi kwa kusifu. Filamu yenyewe siitaji. Ni mkusanyo wa hadithi tano za kisayansi na za kinjozi, kila moja na studio yake. Bwana yule alisifu rangi, akasifu ukali wa picha, akasifu hata ukubwa wa kompyuta zilizotumika. Miguu hakuitaja. Nami nimeitazama filamu hiyo hadi majina ya mwisho, na humo ndani hakuna mtu hata mmoja aliyekanyaga ardhi.

Mambo mepesi kwanza, tuyamalize. Mkusanyo mzuri una hadithi tatu hadi tisa. Zikizidi, hilo ni duka. Hadithi ndefu kuliko zote hukaa mwisho, kama Taarna ilivyokaa mwisho wa Heavy Metal ya mwaka 1981. Sauti ya mwigizaji maarufu haijawahi kuokoa mchoro mbovu. Kijani kinachong'aa ni cha uovu peke yake, na msiniulize sababu. Utu uzima wa filamu haupimwi kwa matiti wala kwa matumbo yaliyopasuliwa: Heavy Metal ina vyote viwili kwa wingi, na sehemu kubwa yake ni ndoto za mvulana aliyebalehe jana. Uzi wa kuunganisha hadithi nao si lazima. Heavy Metal ilipitisha Loc-Nar, lile tufe la kijani, katika kila hadithi, na bado mshono unaonekana. Memories ya Wajapani, ya mwaka 1995, haina uzi wowote, na ni filamu bora mara tatu.

Sasa tuje kwenye mguu.

Mtu anapotembea, kisigino hugusa ardhi kabla mwili haujashuka. Mwili hushuka fremu mbili tatu baadaye, goti la mbele linapokunjika kupokea mzigo. Hapo ndipo nyonga hulegea, na joho lililochelewa huja kujilaza baada ya mwili kutulia. Mchoraji mchanga hushusha mwili palepale kisigino kinapogusa. Kosa lenyewe ni la sehemu ndogo ya sekunde, lakini jicho halidanganyiki: mtu yule hana hata kilo moja.

Kamera ikisafiri naye ubavuni, mtihani unakuwa mgumu zaidi. Mguu uliokanyaga ni mali ya mandhari, si ya mhusika. Mandhari ikirudi nyuma kwa kiasi fulani katika kila fremu, mguu nao urudi kwa kiasi hicho hicho, bila kuzidi wala kupungua. Studio inayobana matumizi humchora mtu kwa mbili, yaani mchoro mmoja kwa fremu mbili, na kusogeza mandhari kwa moja, yaani kila fremu. Basi fremu hii mguu umeshika, fremu inayofuata umeteleza, mara kumi na mbili kwa sekunde. Mtazamaji wa kawaida haoni utelezi. Anahisi kero asiyoijua jina, kisha anatoka ukumbini akisema hadithi ilikuwa dhaifu, na mwandishi anabebeshwa lawama za mguu.

Katika hadithi ya mtaani mtazamaji husaidia: anajua mama mwenye ndoo kichwani ana uzito gani, hata ukimchora vibaya. Lakini mnyama wa sayari ya mbali hakuna aliyewahi kumwona. Kitu pekee kinachomwambia mtazamaji kwamba dubwana hilo lina tani kumi ni namna unyayo wake unavyotua na muda unaouchukua kunyanyuka tena. Ndiyo maana nasema kila kitu katika njozi kinaruhusiwa kuwa cha uongo isipokuwa uzito.

Wavivu hukimbilia rotoskopu. Max Fleischer aliipatia hataza Marekani mwaka 1917: unampiga mwigizaji picha, kisha unamfuatisha kwa kalamu fremu kwa fremu. Watu hudhani uzito unakuja bure. Hauji. Katika picha ya kamera uzito umo kwenye misuli, kwenye vivuli, kwenye ukungu wa mwendo. Mstari wa kalamu huvitupa vyote na kubakiza umbo linalotetemeka. Ralph Bakshi aliijaza nayo The Lord of the Rings yake ya mwaka 1978. Mwaka mmoja kabla, katika Wizards, alichukua majeshi kutoka filamu za zamani, Alexander Nevsky ya Eisenstein ikiwamo, akayatia giza na rangi yakawa majeshi ya mashetani. Bakshi namsamehe kwa sababu alikuwa na uhaba wa fedha, si wa ujasiri. Wanaomwiga leo wana fedha.

Heavy Metal yenyewe ni somo zima la jambo hili. Taarna, shujaa wa hadithi ile ya mwisho, alifuatishwa kutoka kwa mwanamitindo. Akiwa juu ya ndege wake ni malkia. Akishuka, nyayo zinaanza kuogelea. Lakini katika hadithi ya B-17, ndege ya mabomu, walifuatisha ndege ya kielelezo, na ndege ile ni nzito kwelikweli, kwa sababu chuma hakina misuli ya kupoteza. Halafu kuna ile nyumba inayolipuka mwishoni. Kila mara nasikia ikisifiwa kuwa ni ubunifu wa kuchanganya katuni na picha halisi. Ubunifu gani? Nayo ilikusudiwa kufuatishwa kwa kalamu. Tarehe ya kutoka ikawahishwa hadi Agosti, muda ukaisha, mlipuko ukaachwa kama ulivyopigwa. Kalenda ndiyo msanii wa hapo.

Walaghai wengine ni wa rejareja: wanaokata picha kiunoni kila mtu anapotembea, wanaopanda nyasi ndefu jangwani, wanaovalisha kila shujaa joho la kuburuta. Msiwachanganye na wabana matumizi waaminifu. Hanna-Barbera walimpa dubu wao Yogi kola na tai ili kichwa kichorwe upya na mwili ubaki vilevile. Dubu aliyesimama hamdanganyi mtu.

Ukitaka kuona mafundi, tazama World Record ya Takeshi Koike ndani ya The Animatrix ya mwaka 2003: mkimbiaji anayekimbia hadi ulimwengu wenyewe unapasuka, na kila hatua inagharimu nyama. Katika mkusanyo huohuo, Beyond ya Koji Morimoto ina watoto wanaojirusha kutoka juu na kusimama hewani kabla tu ya kugonga ardhi. Moyo unakuruka kwa sababu hadi hapo Morimoto amekwisha kukuzoesha uzito wa kila hatua. Ni yeye aliyeongoza Magnetic Rose katika Memories, kwa maandishi ya Satoshi Kon: mabaharia wa anga wanaelea nje, wanaingia katika jumba la mwimbaji wa opera, ghafla miguu inashika sakafu. Uzito huo ndio chambo cha mtego. Na katika Cannon Fodder, Katsuhiro Otomo alifanya hadithi nzima ionekane kama picha moja isiyokatwa, mji mzima ukihudumia mizinga. Pasipo mkato, mlaghai hana pa kujificha.

Zamani uliweza kuijua studio kwa nyayo zake, kama mshonaji anavyojuana na mwenzake kwa mshono wa ndani. Seli, zile karatasi angavu za kuchorea, zilipakwa rangi kwa mkono, vumbi likaonekana, na kila mkono ulikuwa na mwendo wake. Leo programu moja humgawia kila mhusika mwendo uleule. Na uzito hudumu kuliko rangi: Heavy Metal haikutoka rasmi kwenye video hadi mwaka 1996 kwa sababu ya haki za muziki, ikawa inapita kwa kanda za kunakiliwa. Kanda iliyonakiliwa mara nyingi hupoteza rangi kwanza, kisha sauti. Uzito haupotei. Kama rangi ndiyo ingekuwa ufundi, nani angeipenda filamu ile iliyochujuka?

Nao wanaosifu Kizazi Moto ya mwaka 2023 kwa kuwa tu ni ya Waafrika, hawaitendei haki. Ina filamu fupi kumi, kwa hiyo imekwisha kuvunja kanuni yangu moja. Lakini Herderboy ya Raymond Malinga wa Uganda imeingiza ng'ombe, yaani miguu minne, mtihani ambao wachoraji wengi huukwepa. Hilo peke yake linastahili kutazamwa kwa jicho kali kuliko la ujirani. Iangalie, na uiangalie Enkai ya Ng'endo Mukii wa Kenya, kama unavyopaswa kuangalia nyingine zote: mara ya kwanza kwa hadithi, mara ya pili sauti imezimwa na jicho likiwa kwenye nusu ya chini ya kioo. Ukikuta nusu hiyo imejaa ukungu, nyasi na majoho, mtengenezaji amekwisha kukujibu, na redio haina la kuongeza.