Kadi Isiyoshika Wino

Shangazi yangu ni mshonaji hapa Igoma, na mwezi uliopita aliniita nimsindikize kwenda kuchagua kadi za biashara. "Si wewe ndiye mtu wa vitabu?" aliniambia kwenye simu. "Basi njoo, hiki nacho ni kitabu, ila kifupi." Nilicheka. Nilipokaa kwenye daladala nikaona ana hoja.

Kadi ya biashara ni utanzu wenye masharti makali kuliko shairi la vina na mizani. Una milimita 85 kwa 55 hivi. Humo uweke jina, kazi na namba ya simu, basi. Na kwa kuwa maneno ya kila kadi yanafanana na ya jirani yake, kinachobaki kuitofautisha ni karatasi yenyewe: unene wake, ulaini wake, namna ilivyomaliziwa. Kidole gumba kinaisoma kabla ya jicho. Ndiyo maana nadhani inastahili uhakiki kama maandishi mengine.

Dukani tulipokewa na kijana mwenye adabu zake. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Hebu nionyeshe ulizonazo." Akapanga sampuli nne mezani, kuanzia ya bei ya chini hadi ya juu.

Ya kwanza ilikuwa ya laminesheni inayong'aa, yaani karatasi iliyovishwa utando mwembamba wa plastiki. Inavumilia maji na jasho, hilo tuipe. Lakini inaakisi taa, na kila anayeishika anaacha alama ya vidole. Shangazi alisema inamkumbusha kadi za michango ya harusi, na hakuwa anaisifu.

Ya pili ilikuwa na uso usiong'aa, halafu juu yake sehemu chache zimepakwa vanishi nzito inayokaushwa kwa mwanga wa urujuanimno. Mafundi wanaiita yuvii. Vanishi inainuka kidogo, unaihisi ukipitisha kidole. Hii ni mbinu nzuri, kwa sababu inakuruhusu kukazia neno moja tu. Shida ya sampuli ile ni kwamba vanishi ilikuwa kwenye jina, kwenye nembo, kwenye namba ya simu na kwenye maua ya pembeni. Ni kosa lile lile la mwandishi anayeweka alama ya mshangao kila mwisho wa sentensi.

Ya tatu ilikuwa na herufi za dhahabu, zinazobandikwa kwa joto na mgandamizo. Sina la kusema, zaidi ya kwamba dhahabu ile iling'aa kuliko jina lililoandikwa nayo.

Ya nne kijana aliitoa taratibu, kama msimulizi anayejua hadithi yake inakwenda kuishia wapi. "Mama, hii ndiyo wanachukua mabosi." Ilikuwa imevishwa utando laini kama mahameli, pande zote mbili. Shangazi akaipapasa vile anavyopapasa kitenge sokoni, kwa ncha za vidole viwili huku macho yakiangalia pembeni. Akatabasamu. Na mimi nilikamatika, nisiwadanganye. Kuishika ilikuwa kama kushika sikio la ndama.

Hapo nikakumbuka riwaya ya Bret Easton Ellis, *American Psycho*, ya mwaka 1991, ambayo Mary Harron aliitengenezea filamu iliyotoka mwaka 2000. Kuna tukio ambalo vijana wa fedha wa New York wanatoleana kadi zao na kushindana. Wanapima rangi ya karatasi, unene, herufi zilivyoinuka, na mhusika mkuu anakaribia kuugua kwa wivu. Wengi hulisoma tukio lile kama kejeli juu ya utajiri, na ni kweli. Mimi linanigusa kwa jambo jingine. Hakuna hata mmoja kati yao anayeichukua kadi ya mwenzake ili ampigie simu kesho. Filamuni wote wana cheo kimoja. Kadi zao zimekwisha kazi palepale mezani, zikishapapaswa na kuonewa wivu.

Nikiwa bado katika mawazo hayo, shangazi akamwambia kijana, "Nipe kalamu."

Akaigeuza ile ya mahameli na kuandika nyuma yake: kifua 38. Kalamu ya biki iliteleza, ikashika hapa, ikaruka pale. Akapitisha kidole gumba, na maandishi yakawa ukungu wa bluu. "Mbona haishiki wino?" akauliza. "Sasa vipimo vya watu nitaandika wapi?"

Kijana alijaribu kumwelewesha kwamba kadi nzuri kama ile haiandikwi. Mimi nilinyamaza, maana ndipo nilipotambua kwamba tulikuwa tumesoma upande mmoja tu wa kitabu. Kwa shangazi, mbele ya kadi ni tangazo, na nyuma ni mkataba: vipimo, kiasi kilicholipwa, kinachodaiwa, siku ya kuja kuchukua nguo. Mteja akiipoteza wanaanza kubishana. Kadi isiyoshika wino, hata iwe tamu namna gani mkononi, kwake ni kadi inayomkataa msomaji.

Mtu anaweza kusema hayo ni mazoea ya uswahilini tu. Lakini anasa nayo ni mazoea. Wajapani hupokea kadi kwa mikono miwili, na kuiandika mbele ya mwenyewe ni kumkosea heshima. Ulaya ya karne ya 19, mtu aliyepeleka kadi nyumbani kwa mwenzake kwa mkono wake mwenyewe aliweza kukunja kona moja, na mkunjo huo ukawa ujumbe: nilifika mimi, sikutuma mtu. Hata mafundi wa uchapaji wa herufi za risasi walikuwa wakifundishwa kwamba herufi iguse karatasi bila kuibonyeza, na kuacha shimo ulikuwa uzembe. Leo wateja wanalipa zaidi ili shimo hilo hilo lipapaswe. Hakuna mguso ulio wa hali ya juu wenyewe kwa wenyewe. Upo mguso unaoijua kazi ya kadi, na upo usioijua.

Tulihamia kwenye karatasi zisizovishwa kitu. Bora kuliko zote kwa kazi hii ni ya pamba, ambayo hutengenezwa hata kwa nyuzi fupi zinazobaki kwenye mbegu pamba ikishachambuliwa. Duka halikuwa nayo, na nilisikitika kidogo, maana tuko Usukuma, kwenye nchi ya dhahabu nyeupe yenyewe. Shangazi akachukua karatasi nene ya kawaida ya gramu 350, isiyo na utando, na jina lake likagandamizwa kwa muhuri wa chuma hadi likainuka, bila wino.

Tuihakiki basi. Jina lililoinuka ni uamuzi bora wa kadi yote: halipigi kelele, ila kidole hakiwezi kulipita. Nyuma yake limeacha bonde, na kwa busara fundi aliliweka juu kabisa ili lisiingilie vipimo. Kasoro zipo. Kuna aina tatu za herufi pale ambapo moja ingetosha, na kuna kaulimbiu ya "ubora ni jadi yetu" ambayo nilimsihi aifute, akakataa. Na kadi inachafuka haraka. Ukikaa nayo mfukoni wiki moja kwa jasho la hapa, pembe zinalegea. Hiyo ndiyo bei ya kushika wino, na yeye ameikubali akijua.

Nawaandikia haya kwa sababu naona tunafanya kosa la yule kijana kwenye vitabu vyetu pia. Wenzetu wanaojichapishia diwani zao wanatumia hela zote kwenye jalada la mahameli lenye yuvii, halafu ndani kurasa zimebanwa hadi ukingoni, huna pa kuandika hata neno "kweli?". Tunamtengenezea msomaji kitu cha kushika, si cha kutumia. Mshairi akiniuliza leo aanzie wapi, nitamwambia achukue kalamu kwanza, aandike juu ya sampuli, apitishe kidole.

Nami nimepewa kadi moja, iko kwenye pochi. Nyuma imeandikwa kiuno 34, urefu 41, nimelipa nusu. Wino haujafutika hata kidogo. Siku ya kuchukua suruali imeandikwa wazi kabisa, nayo imepita wiki mbili sasa.